Shikamoo, Afande

Nchi yetu ni nchi ya adabu. Asiyeamini na aje atutembelee. Tutampokea, tutamlisha, na akianza kuuliza maswali tutamsindikiza mpaka uwanja wa ndege tukiwa tumembebea mizigo. Siitaji kwa jina, kwa sababu jina lake kamili lina sifa mbele na shukrani nyuma, na kulitaja nusunusu ni kosa. Wenyewe mnaijua.

Mimi ni Kondo, mpiga mbiu wa mtaa wa Kisimani. Baba yangu alipiga mbiu kwa pembe ya nyati. Zamu yangu ilipofika, serikali iliichukua ile pembe ikaiweka makumbusho, ikanipa kipaza sauti cha betri. Agizo likitoka juu hushuka ngazi kwa ngazi mpaka linifikie, nami hulizungusha mitaani watu wakiwa wanapiga mswaki. Kazi yangu ni kutangaza. Kufikiri kuna idara yake, iko ghorofa ya nne, na kila nikipita nakuta wameenda semina.

Nataka kueleza habari za Maafande, maana huko nje zimepotoshwa sana.

*

Mtukufu Mlezi wa Taifa alizuru nchi moja ya baridi, na mwenyeji wake akamzawadia mbwa kadhaa. Nasema mbwa kwa kuwa siku ile walipotua walikuwa bado mbwa. Walikuwa na vichwa vipana kama vinu, shingo hazionekani, na taya ambazo zikishika kitu haziachii mpaka uzipanue kwa mti. Kwao walifugwa ili wapambane na mafahali. Sisi mafahali wetu ni wapole, wengine hata wanaitwa kwa majina ya mashangazi, lakini zawadi ya mkubwa hairudishwi.

Waliletwa na mtaalamu mmoja mwembamba, mwenye kovu mkononi. Aliposimamishwa mbele ya Baraza alisema maneno machache tu. Alisema mbwa wa namna hii wasiachwe na watoto wadogo, hata kwa muda wa kufumba na kufumbua. Mtoto hukimbia, hupiga kelele, hukumbatia shingo, husogeza uso karibu, na mbwa huyu akiona hayo haoni mtoto, anaona windo. Akasema hata aliyefunzwa vizuri anahitaji mtu mzima kando yake na kifuniko mdomoni.

Waziri wa Malezi na Heshima, Mheshimiwa Dakta Ngwale, alimshukuru kwa hotuba iliyochukua asubuhi nzima. Alimvisha shuka la sherehe, akampa kigoda cha kuchonga, akampandisha ndege siku hiyo hiyo. Kisha kamati ikakaa, ikaona kwamba yule mtaalamu alikuwa na wivu.

Likabaki suala la jina. Kwetu kumwita mtu mbwa ni tusi, na kumtukana aliyeletwa na Mtukufu ni sawa na kumtukana Mtukufu. Basi wakapewa vyeo vya jeshi, na sheria ikapita kwamba waitwe Maafande. Watoto wao walizaliwa macho hayajafunguka, tayari ni makoplo.

Mwanzoni viongozi waligombania kupewa mmoja mmoja wa kukaa getini. Lakini haikuchukua muda, uzalendo ukawaingia kwa kasi. Afande wa Mheshimiwa Ngwale, aliyeitwa Sajini Radi, alitafuna kochi, akatafuna suruali ya mtunza bustani pamoja na sehemu ya goti iliyokuwamo, kisha akaanza kumtazama mjukuu wa Mheshimiwa. Mheshimiwa hakupata usingizi. Kulipokucha alisema redioni kwamba si haki hazina ya taifa ikae mikononi mwa watu wachache, na kwamba yeye na wenzake, kwa kujinyima, wanawatoa Maafande wote wakalinde shule za chekechea.

Nililitangaza hilo agizo machozi yakinitoka. Viongozi wa namna hii utawapata wapi? Sajini Radi akaletwa chekechea ya Kisimani, anakosoma Chiku, binti wa dada yangu Tausi.

*

Chiku alikuwa na miaka minne na alikuwa anaamkia kila kitu. Alimwamkia muuza maji, alimwamkia jogoo, aliwahi kuiamkia pikipiki iliyoegeshwa kwa sababu ilikuwa imezeeka. Na kwetu mtoto haamkii akiwa amesimama wima kama mlingoti. Anainama, anasogeza kichwa, anasema shikamoo, na mkubwa anamgusa utosini anapoitikia marahaba. Tumefanya hivyo tangu enzi za mababu na hakuna utosi uliowahi kupata madhara.

Sasa Afande ni mkubwa, tena ana mistari begani. Ukatoka mwongozo kwamba kila mtoto akiingia shuleni amwamkie kama inavyotakiwa, na Afande, kwa kuwa hana mkono, amguse utosini kwa pua.

Tausi ni fundi cherehani. Alisikia mwongozo huo akiwa anatia uzi, akaacha uzi na sindano yake vikaning'inia.

"Kaka, yule ni mbwa," alisema.

Nilifunga dirisha upesi. Nikamwambia maneno hayo yana hatari, na kwamba Sajini ana cheo halali kilichotolewa na mamlaka halali.

"Cheo hakijampunguzia jino hata moja."

Nilimweleza kwamba wanawake hawaelewi mambo ya itifaki. Aliniangalia kwa namna ambayo alikuwa akiniangalia tangu utotoni nikimwaga maziwa, akarudi kwenye cherehani yake.

Jioni ile nilimkuta uani ameweka kinu katikati, akimwambia Chiku kwamba kile ndicho Afande. Akamfundisha. Akimwona asimame wima, asikimbie, asipige kelele. Mikono aikunje kifuani. Asimtazame machoni, atazame pembeni, angoje mpaka aondoke zake. Na asiiname kamwe.

"Na shikamoo, mama?" Chiku aliuliza.

"Shikamoo mwambie moyoni."

Chiku akasimama mbele ya kinu, mikono kifuani, midomo imebanwa, akimwamkia moyoni. Nilisikitika sana kuona adabu ya mababu inavunjwa ndani ya ua wetu, tena mbele ya kinu cha marehemu mama. Sikumripoti kwa sababu ni dada yangu, na kwa sababu siku ile alikuwa amepika samaki wa nazi.

*

Wiki iliyofuata mtoto mmoja aitwaye Mshamu aliinama kumwamkia Sajini, na Sajini akaitikia. Mshamu alirudi kwao akiwa na sikio moja na nusu.

Iliundwa tume mara moja. Ilikaa kwenye hoteli yenye utulivu kule ziwani ili isisumbuliwe na mashahidi, na iligundua kwamba Mshamu alikuwa ametoka kula sambusa na hakufuta masikio. Iligundua pia kwamba Sajini alipata mshtuko mkubwa. Akapewa likizo ya kupumzisha taya, na aliporudi alikuwa Luteni.

Mimi nilimwona Mshamu kibarazani kwao, bandeji imemzunguka kichwa kizima, akicheza gololi peke yake. Alikuwa akigeuza kichwa upande wa sikio zima kila mtu anapompigia kelele ya salamu. Iliniuma, siwezi kusema uongo. Nilimpa pipi, nikaenda kutangaza matokeo ya tume.

Mwalimu mkuu wa chekechea, Mwalimu Hidaya, aliomba jambo moja dogo: kwamba Luteni afungwe kifuniko mdomoni, kama yule mtaalamu wa kovu alivyosema. Ombi lilipofika kwa Mheshimiwa Ngwale aliitisha mkutano wa hadhara. Nilikuwa jukwaani nimeshika kipaza sauti, kwa hiyo nilimsikia kwa karibu.

"Ndugu wananchi," alisema, "katika historia ya nchi hii, serikali haijawahi kumziba mtu yeyote mdomo. Hatutaanza leo, tena kwa afisa wa jeshi!"

Watu walipiga makofi. Waliowahi kuzibwa hawakupiga, kwa kuwa walikuwa hawajaachiwa bado waje mkutanoni. Mwalimu Hidaya naye alipandishwa cheo palepale, akahamishiwa shule nzuri ambayo iko katika mipango ya kujengwa.

Lakini serikali sikivu haiachi tatizo bila dawa. Kama mdomo wa Luteni hauzibwi, basi vichwa vya watoto vizibwe. Ikaamriwa kila mtoto wa chekechea avae Kitenga cha Usalama, yaani kijitenga cha fito kama kile cha kubebea kuku, kinachoingia kichwani mpaka mabegani. Kazi ya kuvisuka alipewa mkwe wa Mheshimiwa, kijana hodari ambaye hajawahi kusuka hata kamba ya mbuzi.

Mngeona asubuhi zetu! Mitaa imejaa vitenga vinavyotembea, na ndani ya kila kitenga kuna macho mawili. Uji ulinywewa kwa mrija. Kamasi hazikuwa na njia. Watoto wakiimba wimbo wa taifa ilisikika kama kuku wanaopelekwa sokoni, na mkaguzi alisifu sana uzalendo wa sauti zile. Luteni Radi alitembea katikati yao kichwa wazi, upepo ukimpiga.

Tausi alijaribu kumweka Chiku nyumbani. Siku iliyofuata maofisa wakaja kumkumbusha kwamba mtoto ni wa taifa, mzazi ameazimwa tu. Akamvalisha kitenga, na kila asubuhi kabla ya kumfungulia mlango alimuuliza, "Ukimwona?" Chiku akajibu kutoka ndani ya fito, "Wima, mama."

*

Ikafika Sikukuu ya Shukrani. Hiyo ndiyo siku ambayo wananchi huwashukuru viongozi kwa kukubali kushukuriwa. Mwaka huu Luteni Radi angepandishwa kuwa Brigedia mbele ya Mtukufu Mlezi mwenyewe, na mtoto mmoja angetoka kumwamkia kwa niaba ya watoto wote. Walitafuta mtoto anayesifika kwa kuamkia, wakamchagua Chiku.

Nililetewa habari hiyo niitangaze. Niliitangaza mtaa mzima isipokuwa nyumbani kwetu. Nyumbani Tausi alikuwa ameshaisikia. Alikuwa ameketi mbele ya cherehani bila kushona, mguu uko kwenye pedeli, hausogei.

"Kaka," alisema, "akiinama atamla uso."

Nikamjibu kwamba atakuwa amevaa kitenga, na serikali imefikiria kila kitu. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa.

Uwanjani watu walijaa mpaka juu ya kuta. Ngoma zilipigwa, mizinga ikapigwa, na Brigedia mtarajiwa, aliyekuwa amekaa juani tangu alfajiri bila maji ili manyoya yang'ae, alikuwa anatetemeka mwili mzima kwa furaha ya kizalendo. Askari wawili walishika mnyororo wake, wote wawili wakiwa wameandika wasia. Mtukufu alimbandika nyota kwa kutumia fimbo ndefu. Kisha Chiku akaletwa katikati ya uwanja, gauni jeupe alilolishona mama yake, kitenga kichwani.

Mtukufu Mlezi alimwelekezea ile fimbo.

"Kwa nini mtoto amevaa tenga?"

Mtukufu hakuwa amewahi kuambiwa habari za vitenga, kwa sababu hakuwa amewahi kuambiwa habari za sikio, kwa sababu habari mbaya kwetu hazipandi ngazi, zinateremka tu. Mheshimiwa Ngwale alijitokeza akitokwa na jasho, akasema lile ni vazi la asili.

Mtukufu akafurahi kusikia mambo ya asili. Akauliza kama Brigedia ni mpole. Mheshimiwa akajibu kwamba ni mpole kupita kiasi, kwamba yeye binafsi amemlea.

"Vizuri," alisema Mtukufu. "Basi tangulia wewe kumwamkia, mtoto aone mfano."

Hapo ndipo mnapaswa kuelewa vyeo vyetu. Mheshimiwa Ngwale alikuwa Kapteni wa akiba, na Brigedia ni Brigedia. Kwa itifaki alitakiwa kuinama, asogeze kichwa mpaka pua ya mkubwa imguse. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Wasaidizi wake wote walikuwa wakitazama mawingu. Ndipo akanyoosha mkono, akakivua kitenga kichwani mwa Chiku, akajivalisha yeye.

Hakikumwingia. Kichwa cha Mheshimiwa ni kikubwa, kimebeba mengi, na kitenga kilikomea kwenye nyusi. Alisimama hivyo kama mtu aliyebeba kuku sokoni. Na hatua chache kutoka kwake Chiku alibaki kichwa wazi, na Brigedia akaacha kumtazama Mheshimiwa, akamtazama yeye.

Mnyororo ulianza kuwaponyoka wale askari. Afisa itifaki alinikimbilia, maana mtoto alikuwa hafanyi lolote na ratiba ilikuwa inachelewa. Akaniambia nimtangazie mtoto ainame. Ni agizo. Nimetangaza maagizo maisha yangu yote. Nimetangaza mvua zilizokatazwa kunyesha Jumapili, nimetangaza bei ambazo hazikuwahi kuwepo. Niliinua kipaza sauti. Niliona lile gauni jeupe. Niliona utosi wake, nywele mama yake amezisuka mistari minne, utosi niliougusa kila asubuhi tangu ajue kusema.

Sauti iliyotoka ilisema, "Wima, Chiku. Wima, mjomba yupo hapa."

Mpaka leo sijui ilikuwaje. Naamini betri zilikuwa na hitilafu.

Chiku alikunja mikono kifuani. Alibana midomo, akageuza macho pembeni, akawa mti. Brigedia alikuja mbio, mnyororo unaburuzika nyuma yake. Alifika kwake, akamnusa viatu, akamnusa gauni, akamnusa mikono. Kisha nyuma yake akasikia Mheshimiwa Ngwale akipiga kelele na kuona Mheshimiwa Ngwale akikimbia, mambo mawili ambayo mtaalamu wa kovu aliyaonya.

Alimkamata karibu na jukwaa la wageni. Mheshimiwa aliinama kwa adabu zote, na taya zikafumba juu ya kitenga. Fito zilizosukwa na mkwe zikavunjika, zikapinda, zikajifunga kwenye meno kwa namna ambayo fundi yeyote asingeweza kuisuka makusudi, na kitenga kikachomoka kichwani kwa Mheshimiwa kikabaki mdomoni kwa Brigedia. Hivyo ndivyo Afande wa kwanza alivyozibwa mdomo katika nchi yetu, bila agizo la mtu.

Mheshimiwa alipoteza nyusi moja tu.

Tausi alikuwa ameshavuka kamba. Alitembea katikati ya uwanja, tepu ya kupimia bado ikining'inia shingoni, akampita Brigedia, akampita Waziri aliyelala kifudifudi, akampita Mtukufu Mlezi bila kuamkia. Akambeba mtoto wake, akaondoka. Mama Mshamu aliinuka kutoka jukwaa la wananchi, akavivua vitenga vya wanawe, akaviweka chini taratibu, akamfuata. Wakainuka wengine. Bendi ilipiga wimbo wa kuwaaga, kwa kudhani ni sehemu ya ratiba.

*

Tume ilikaa tena kule ziwani. Iligundua kwamba mtoto Chiku alimkosea heshima Brigedia kwa kusimama mbele yake, na kwamba kosa hilo ndilo lililomwokoa, hivyo linabaki kosa. Mheshimiwa Dakta Ngwale alipewa nishani ya ushujaa, na sasa mawaziri wote wananyoa nyusi moja kumuunga mkono. Mimi nilipewa likizo ya kupumzisha koo. Kipaza sauti amepewa mkwe.

Maafande wapo bado chekechea, wanalinda. Watoto ndio hawapo. Mama zao wanawafundishia ua kwa ua, na Mwalimu Hidaya amekuja kututembelea na bado hajaondoka. Wizara imetoa taarifa kwamba tangu sikukuu ile hakuna mtoto hata mmoja aliyeumwa shuleni, na kwamba mpango umefaulu kuliko ilivyotarajiwa. Nimefurahi, kwa sababu mimi ni raia mwema.

Kuna jambo moja tu linanisumbua. Chiku ameacha kuinama. Akiniona asubuhi anasimama mbali, mikono kifuani, macho pembeni, midomo imebanwa. Najua ananiamkia moyoni. Mkono wangu unataka kwenda kwenye ule utosi kama zamani, lakini nauacha mfukoni.

Juzi nilikuwa nimekaa uani karibu na kinu. Alisimama mbali kama kawaida yake, akanitazama kwa muda mrefu.

"Mjomba," aliuliza, "na wewe una cheo?"

"Nilikuwa nacho kidogo, mwanangu. Wamekichukua."

Alifikiri. Kisha akashusha mikono, akaja mpaka nilipokaa, akainamisha kichwa.